Kompyuta "Haiwaki": Ufafanuzi wa Hatua za Kubaini Hitilafu ya Diski Hai ya Linux katika Netibuku, kwa Mfano wa Posta na Kariakoo, Dar es Salaam

Ikisiri

Makala hii inafafanua namna ya kubaini hitilafu pale ambapo diski hai ya Linux inashindwa kuamsha netibuku, yaani kompyuta mpakato ndogo za bei nafuu zilizoenea kuanzia mwishoni mwa mwaka 2007. Ufafanuzi umejengwa juu ya kisa kimoja kilichotokea kati ya Posta na Kariakoo, jijini Dar es Salaam, ambapo data ya uwandani ya mtafiti ilikuwa hatarini kufutwa. Hoja kuu ni kwamba neno "haiwaki", linalotumiwa na wateja na mafundi kwa pamoja, linafunika hitilafu tano zinazotofautiana kwa chanzo na kwa tiba. Makala inaeleza hatua tano za kuamka kwa kompyuta, dalili ya kukwama katika kila hatua, kipimo cha kuthibitisha chanzo, na tahadhari za kuokoa data kabla ya kusakinisha mfumo mpya. Mwisho, inaoneshwa kuwa Kiswahili kina maneno ya kutosha kuzitaja hatua hizo, na kwamba kuzitaja kwa usahihi ni sehemu ya matengenezo yenyewe.

1.0 Utangulizi

Mwezi Machi 2024, netibuku niliyoitumia kuhifadhi data ya uwandani ilizimika ghafla umeme ulipokatika. Betri yake ilikuwa imekufa siku nyingi, hivyo ilitegemea chaja peke yake. Ilipowashwa tena, Windows haikufika popote: nembo ilitokea, kioo kikageuka buluu, kompyuta ikajizima na kujiwasha upya, na mzunguko huo ukaendelea bila kikomo.

Ndani ya diski kuu ya kompyuta hiyo mlikuwa na rekodi za mahojiano na wafanyabiashara wa Kariakoo, saa kumi na tisa kwa jumla. Nakala za rekodi nyingi zilikuwapo kwenye flashi. Za wiki mbili za mwisho hazikuwapo. Miongoni mwa hizo yalikuwamo mahojiano na mzee mmoja, fundi cherehani, aliyefariki siku chache baada ya kuzungumza nami. Mahojiano hayo yasingeweza kurudiwa.

Niliipeleka kompyuta kwa fundi mmoja anayefanyia kazi kibarazani, Kariakoo. Aliiwasha mara moja, akatazama, akasema: "Dada, windo imekufa hii. Tuipige upya, jioni unaichukua." Nilipomuuliza kuhusu vitu vilivyomo, alijibu kwa upole: "Hivyo ndiyo basi tena."

"Kupiga windo" katika lugha ya mafundi ni kusakinisha Windows upya, na mara nyingi kazi hiyo huanza kwa kufuta diski kuu. Fundi hakuwa na nia mbaya wala hakukosa ujuzi. Alipewa tatizo lililotajwa kwa neno moja, naye akatoa tiba inayolingana na neno hilo. Nilikataa, nikaamua kutumia diski hai ya Linux ili kuyafikia mafaili bila kuigusa Windows iliyoharibika. Hapo tatizo la pili likajitokeza: diski hai nayo haikuamsha kompyuta. Ilishindwa mara tatu, kila mara kwa namna yake, na mimi mwenyewe mara zote tatu nilisema neno lilelile: haiwaki.

Makala hii inaeleza kilichokuwa nyuma ya neno hilo. Inawalenga watafiti wanaotunza data zao katika vifaa vya mtumba, pamoja na wasomaji wanaoshughulika na lugha ya teknolojia katika Kiswahili.

2.0 Usuli: Diski Hai, Posta na Netibuku

Diski hai ni diski au flashi iliyobeba mfumo endeshi kamili unaofanya kazi moja kwa moja kutoka humo, bila kusakinishwa katika diski kuu ya kompyuta. Mfumo husomwa na kupelekwa katika kumbukumbu ya muda. Kompyuta ikizimwa, diski kuu hubaki kama ilivyokuwa, isipokuwa mtumiaji awe ameiandika kwa makusudi. Sifa hiyo ndiyo inayoifanya diski hai kuwa chombo cha uokozi. Miongoni mwa mifumo iliyoieneza mbinu hii ni Knoppix, iliyotolewa na Klaus Knopper wa Ujerumani mwaka 2000.

Katika Afrika Mashariki, jina lililojulikana zaidi ni Ubuntu, mfumo ulioanzishwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini na kutolewa kwa mara ya kwanza Oktoba 2004. Neno hilo la Kibantu lina shina moja na "utu" wa Kiswahili. Kuanzia toleo hilo hadi mwaka 2011, yeyote aliyeomba aliweza kutumiwa diski za CD bure kwa njia ya barua, kupitia huduma iliyoitwa ShipIt. Kwa Dar es Salaam, ambako barua hupokelewa kwa sanduku la posta, huduma hiyo ilikuwa na maana ya pekee. Kabla ya mkongo wa baharini wa SEACOM kuanza kazi mwaka 2009, kupakua faili la megabaiti 700 kulikuwa kazi ya usiku kucha na gharama kubwa. Bahasha ilikuwa njia ya haraka kuliko waya.

Mwaka huohuo wa 2004, mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu na maelekezo ya Kiswahili. Hivyo programu huria ilifika katika jiji hili ikiwa na mambo mawili kwa pamoja: uwezo wa kugawiwa bila malipo na uwezo wa kusemeshwa Kiswahili.

Netibuku zilikuja baadaye kidogo. ASUS ilitoa Eee PC 701 mwishoni mwa mwaka 2007, ikiwa na skrini ya inchi 7, kumbukumbu ya megabaiti 512 na mfumo wa Linux tangu kiwandani. Mwaka 2008 zilifuata Acer Aspire One na nyingine nyingi zilizotumia prosesa ya Intel Atom N270. Kwa kubana bei na ukubwa, watengenezaji waliondoa kisomea diski. Kwa hiyo diski iliyofika kwa bahasha haikuwa na mlango wa kuingilia katika kompyuta iliyoihitaji zaidi. Ilibidi ipitie kisomea cha nje kinachochomekwa katika tundu la USB, au igeuzwe kuwa flashi. Hitilafu nyingi zinazoelezwa hapa chini zinaanzia katika kugeuza huko.

3.0 Hatua Tano za Kuamka kwa Kompyuta

Katika makala hii, "kuwaka" ni kupata umeme: taa inawaka, feni inazunguka. "Kuamka" ni safari yote kutoka hapo hadi mtumiaji anapoona eneo-kazi. Safari hiyo ina hatua tano, na kila hatua humkabidhi kazi anayefuata kisha hujiondoa. Kwa sababu hiyo, kompyuta iliyokwama haiwezi kusema kila kitu kilichotokea. Inaweza tu kuonesha ni nani aliyekuwa ameshika kazi iliposimama. Kanuni ya kwanza ya uchunguzi basi ni kutazama mahali iliposimama kabla ya kubadili chochote. Kanuni ya pili ni kubadili kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Anayebadili diski, tundu na mpangilio kwa pamoja, hata akifanikiwa, hajui kilichomsaidia.

3.1 Hatua ya Kwanza: Programu ya Ubao Mama Inatafuta Diski

Kompyuta inapowaka, programu ya kudumu iliyomo katika ubao mama, ambayo ni BIOS katika netibuku za zamani na UEFI katika zile za baadaye, huvikagua vifaa na kutafuta mahali pa kuanzia. Dalili ya kukwama hapa ni kwamba diski hai haiguswi kabisa: Windows inaanza kana kwamba hakuna kilichochomekwa, au unatokea ujumbe kwamba hakuna diski ya kuanzia.

Vyanzo vya kawaida ni vitatu. Kwanza, mpangilio unaitanguliza diski kuu. Katika Eee PC, kitufe cha Esc kikibonyezwa mara tu baada ya kuwasha hutoa orodha ya vifaa vya kuanzia. Katika Aspire One ni F12, lakini huenda ikabidi orodha hiyo iruhusiwe kwanza ndani ya mpangilio unaofunguliwa kwa F2. Baadhi ya Eee PC zina kipengele kiitwacho Boot Booster kinachoruka ukaguzi wa mwanzo ili kuokoa sekunde chache, na kwa kufanya hivyo huinyima nafasi orodha hiyo, kizimwe kwanza. Pili, betri ndogo ya saa katika ubao mama imekufa, hivyo kila umeme unapoondolewa mpangilio hurudi ulivyokuwa kiwandani. Saa inayorudi nyuma miaka mingi ni ushahidi wa jambo hili. Tatu, faili taswira, yaani faili moja lenye kiambishi cha ISO linalobeba diski nzima, limenakiliwa ndani ya flashi kama faili la kawaida. Flashi hiyo ina taswira ya diski lakini yenyewe haijawa diski. Taswira lazima iandikwe kwa programu maalumu, au kwa amri ya dd katika Linux, ili yaliyomo yawe ndiyo mpangilio wa flashi yenyewe.

Kipimo ni rahisi: flashi ichomekwe katika kompyuta nyingine. Ikiamka huko, flashi ni nzima na shida iko katika mpangilio wa netibuku. Ikiwa ndani ya flashi linaonekana faili moja tu la ISO, haikuandikwa ipasavyo.

Kuna mtego mwingine kwa kompyuta ndogo zilizotoka kuanzia mwaka 2013 zikiwa na Atom za kizazi cha Bay Trail. Nyingi kati yake zina prosesa ya biti 64 lakini UEFI ya biti 32. Diski hai isiyo na kipakiaji cha biti 32 haitaonekana kwake. Debian iliweka uwezo wa kushughulikia hali hiyo katika toleo la 8 la mwaka 2015.

3.2 Hatua ya Pili: Kipakiaji Kinaonesha Menyu

Kipakiaji ni programu ndogo, mathalani GRUB au ISOLINUX, inayoonesha menyu na kuita kiini cha mfumo. Kikikwama, mtumiaji huona mstari mdogo unaopepesa juu kushoto mwa kioo, au jina la kipakiaji pasipo menyu. Maana yake ni kwamba ubao mama umeiona diski na kuanza kuisoma, lakini mwanzo wa diski hauna mpangilio unaoeleweka. Mara nyingi uandishi wa flashi ulikatizwa, au flashi ilichomolewa kabla ya data kumalizika kuandikwa. Tiba ni kuiandika upya na kusubiri mfumo uthibitishe kuwa flashi inaweza kuondolewa salama.

Menyu ikitokea, hatua mbili za mwanzo zimepita. Jambo hili ni la thamani: kuanzia hapa hakuna haja tena ya kugusa mpangilio wa BIOS.

3.3 Hatua ya Tatu: Kiini Kinakutana na Prosesa

Kiini ni sehemu ya mfumo endeshi inayomiliki vifaa. Jambo la kwanza kinalofanya ni kuangalia kama prosesa inaielewa lugha yake. Kisipoelewana nayo, husema wazi: kiini hiki kinahitaji prosesa ya biti 64 lakini imepatikana ya biti 32, tafadhali tumia kiini kinachofaa. Ujumbe huu ni wa Kiingereza, wa mistari miwili mitatu, nao hupuuzwa kwa sababu tu kioo cheusi chenye maandishi meupe hutafsiriwa kuwa ni "kufa". Kwa hakika ndio ujumbe ulio wazi kuliko yote katika safari nzima.

Atom N270 ni prosesa ya biti 32. Atom N450 ya mwaka 2010 ni ya biti 64. Kwa macho netibuku hizo mbili huweza kufanana kabisa. Ubuntu iliacha kutoa taswira ya biti 32 kwa kompyuta za mezani na mpakato kuanzia toleo la 17.10 la mwaka 2017. Debian 12 ya mwaka 2023 iliendelea kuzihudumia prosesa hizo, ilhali Debian 13 ya mwaka 2025 haitoi tena kisakinishi cha biti 32. Kwa hiyo, anayechukua toleo jipya kuliko yote kwa kudhani ndilo bora atakwama hapa kila mara.

Prosesa za zamani zaidi, zikiwamo baadhi ya Celeron M, zina tatizo la jirani. Zina uwezo uitwao PAE lakini haziutangazi, hivyo kiini huzikataa. Kwa viini vinavyoruhusu, kuongeza neno forcepae katika mstari wa kuanzia hutosha.

3.4 Hatua ya Nne: Mfumo wa Awali Unatafuta Mwili Wake

Kiini kikishakubaliwa, hufungua mfumo mdogo wa muda ambao kazi yake ni kulitafuta faili kubwa lililobanwa lenye mfumo wote. Dalili ya kukwama hapa ni mstari unaosomeka initramfs ukifuatwa na alama ya kusubiri amri, au ujumbe kwamba hakikupatikana kifaa chenye mfumo hai. Wengi hushangaa: iweje diski iliyotoa menyu isionekane tena? Jibu ni kwamba katika hatua mbili za mwanzo diski ilisomwa kwa msaada wa BIOS, lakini sasa kiini kinaitafuta chenyewe kwa viendeshi vyake. Msomaji amebadilika.

Vyanzo vikuu ni umeme, tundu na uzima wa nakala. Tundu la USB 2.0 limeruhusiwa kutoa miliampia 500. Kisomea diski cha nje huhitaji zaidi ya hizo kinapoanza kuizungusha diski kwa kasi, ndiyo maana baadhi huja na waya wenye vichwa viwili. Netibuku isiyo na betri, inayotegemea chaja iliyochoka, hushindwa hapo: diski inazunguka, inapunguza mwendo, inatoweka. Tiba ni kuchomeka vichwa vyote viwili au kuhamia kwenye flashi.

Kuhusu nakala, kila mradi wa Linux huchapisha alama ya uhakiki ya taswira yake, ambayo ni mfuatano wa herufi na tarakimu unaokokotolewa kutokana na yaliyomo. Baiti moja ikibadilika, alama nzima hubadilika. Katika Linux hukaguliwa kwa amri ya sha256sum, na katika Windows kwa certutil. Kipimo hiki huchukua dakika chache, nacho kingefaa kutangulia vingine vyote.

Flashi zenyewe nazo zichunguzwe. Zipo zinazouzwa zikiwa zimeandikwa ukubwa ambao hazina. Data inayozidi ukubwa halisi hupotea kimyakimya. Flashi ya namna hiyo hutoa menyu vizuri, kwa kuwa mwanzo wake ni mzima, kisha hukwama katika hatua hii. Programu huria iitwayo F3 huipima kwa kuijaza yote na kuisoma tena. Kwa kuwa hufuta au kujaza kilichomo, itumike kwa flashi tupu.

3.5 Hatua ya Tano: Skrini na Eneo-kazi

Hapa maandishi yamepita, kisha kioo kinakuwa cheusi. Kompyuta haijafa; taa ya diski inaendelea kupepesa. Mara nyingi kiini kimejaribu kuipangia kadi ya picha hali isiyoiweza. Netibuku zenye GMA 500, zilizotumia Atom za mfululizo wa Z, zina historia ndefu ya taabu hii. Tiba ya kwanza ni kuhariri mstari wa kuanzia: katika menyu ya GRUB hubonyezwa herufi e, neno nomodeset huongezwa mwishoni mwa mstari unaoanza na linux, kisha hubonyezwa F10. Katika ISOLINUX hutumika kitufe cha Tab. Badiliko hilo ni la safari moja tu, hivyo halina madhara.

Iwapo eneo-kazi linaanza kuonekana kisha kila kitu kinaganda, kumbukumbu ya muda haitoshi. Netibuku nyingi zina gigabaiti 1. Mazingira mazito yaachwe. Yachukuliwe mepesi kama LXDE au Xfce, au mfumo kama antiX uliotengenezwa kwa ajili ya kompyuta za aina hii.

4.0 Kisa: Mara Tatu za Kushindwa

Kwa kutumia hatua hizo, kushindwa kwangu mara tatu kunaweza kusomwa upya.

Mara ya kwanza nilitumia DVD iliyochomwa katika duka moja la Posta, nikaazima kisomea cha nje. Menyu ilitokea, nikabonyeza Enter, yakaja maandishi meupe, kimya. Nilizima na kuirudisha DVD nikilalamika kuwa ni mbovu. Haikuwa mbovu. Ilikuwa ya biti 64, nayo netibuku yangu ina N270. Nilikwama katika hatua ya tatu na kompyuta ilinieleza sababu, sikusoma.

Mara ya pili nilipata DVD ya Debian 12 ya biti 32. Menyu ilitokea, maandishi yalipita mengi kuliko awali, kisha ukaja mstari wa initramfs. Nilisema tena haiwaki. Lakini sauti ya kisomea ilikuwa imebadilika: kilipaa, kikashuka, kikanyamaza. Hii ilikuwa hatua ya nne, na chanzo chake ni umeme. Ilikuwa imesonga mbele hatua moja, na maendeleo hayo sikuyaona kwa kuwa neno nililotumia halikuwa na nafasi ya kuyaeleza.

Mara ya tatu nilihamia kwenye flashi. Ilikwama tena katika initramfs. Kama ningeendelea kukisia, ningesema tundu za USB zimeharibika. Safari hii nilikagua alama ya uhakiki ya taswira niliyoipakua kwa kifurushi cha simu: haikulingana na ile iliyochapishwa. Upakuaji ulikatika karibu na mwisho. Dalili ilikuwa ileile ya mara ya pili, chanzo kingine kabisa. Ndiyo sababu hatua peke yake haitoshi bila kipimo.

Nilipakua upya usiku, alama ikalingana, nikaandika flashi, na eneo-kazi likatokea baada ya dakika nne hivi.

5.0 Baada ya Kuamka: Kuiokoa Data

Eneo-kazi likionekana, hatari mpya huanza, kwa kuwa sasa mtumiaji ana uwezo wa kuiandika diski kuu iliyojeruhiwa. Tahadhari nne zizingatiwe.

Kwanza, alama ya kusakinisha iliyopo juu ya eneo-kazi isiguswe. Pili, sehemu ya Windows ifunguliwe kwa kusoma tu, kwa amri ya mount yenye chaguo ro. Windows iliyozimika vibaya au iliyolala bila kufungwa huacha kumbukumbu za uandishi ambazo hazijakamilika. Kuandika juu yake huweza kuongeza uharibifu. Tatu, mafaili yanakiliwe kwenye kifaa cha nje kwa kuanza na yasiyo na nakala kwingineko, si kwa kufuata alfabeti. Diski inayokufa haiahidi saa ya pili. Nne, diski ikitoa sauti ya kugonga au ikisoma kwa kusitasita, unakili wa kawaida usimamishwe na itumike ddrescue, ambayo huchukua kwanza sehemu nzima na kuziacha mbovu kwa ajili ya mwisho.

Mahojiano ya mzee yule yalikuwa ya kwanza kunakiliwa. Yalisomeka yote. Rekodi mbili nyingine za wiki hiyo hazikusomeka kwa unakili wa kawaida. Ddrescue ilirejesha moja, na ya pili ina pengo la dakika kumi na moja katikati. Pengo hilo nimeliainisha wazi katika data ya tasnifu yangu, badala ya kuyachukua mahojiano hayo kana kwamba yalikuwa kamili.

Siku iliyofuata nilirudi kwa fundi wa Kariakoo, nikamwambia: "Fundi, sasa piga windo." Aliuliza nilivyovitoa vitu vyangu. Nilimwonesha flashi, akaiwasha kompyuta kwayo, akaomba nakala.

6.0 Suala la Lugha

Inawezekana kudai kuwa tatizo lililoelezwa hapa ni la ufundi, na lugha haina nafasi. Kisa kinaonesha kinyume chake. Taarifa niliyompa fundi, na niliyojipa mwenyewe, ilikuwa neno moja. Na neno moja liliita tiba moja. Kama ningesema "menyu inatokea, kiini kinakataa prosesa", mazungumzo yangekuwa mengine tangu mwanzo.

Maneno ya kusema hivyo yapo. Kiini, kipakiaji, mfumo endeshi, ubao mama, kusakinisha na eneo-kazi yamekwishatumika katika maandishi ya Kiswahili kwa miaka mingi, na kazi ya Kilinux ilichangia kuthibitisha kwamba programu nzima huweza kuendeshwa kwayo. Yapo pia maneno ya kibarazani: windo, flashi, kuganda. Haya yasidharauliwe. "Kuganda" linataja kwa usahihi hali ya kioo kisichobadilika, na halichanganyiki na "kujizima" wala "kujiwasha upya". Kinachokosekana ni daraja kati ya maneno ya kitabuni na ya kibarazani, na kitenzi kimoja cha kutofautisha kompyuta isiyopata umeme na kompyuta inayopata umeme lakini haifiki mwisho wa safari. Jozi ya "kuwaka" na "kuamka" iliyotumika katika makala hii inaweza kuziba pengo hilo kwa sababu haihitaji kufundishwa: kila mzungumzaji anajua kuwa taa huwaka lakini haiamki.

7.0 Hitimisho

Makala hii imefafanua kuwa kushindwa kwa diski hai katika netibuku si hitilafu moja. Ni hitilafu zinazogawanyika katika hatua tano: kutafutwa kwa diski, kipakiaji, kiini na prosesa, mfumo wa awali, na skrini. Kila hatua ina dalili inayoonekana kwa macho au kusikika kwa masikio, na kila dalili ina kipimo kisichogharimu zaidi ya muda. Imeoneshwa pia kwamba dalili moja yaweza kuwa na vyanzo viwili, hivyo kipimo hakiepukiki.

Kwa watafiti, mapendekezo ni matatu. Data ya uwandani inakiliwe siku ileile inapokusanywa, katika vifaa viwili visivyokaa pamoja. Flashi yenye mfumo hai unaolingana na kompyuta ya mtafiti iandaliwe na kujaribiwa kabla ya kwenda uwandani, kompyuta ikiwa bado nzima. Na pale kompyuta inapokwama, mtafiti aandike kwanza, kwa sentensi moja kamili ya Kiswahili, kitu cha mwisho alichokiona kwenye kioo. Sentensi hiyo ndiyo apeleke kwa fundi pamoja na kompyuta.